Nukta nundu zinapotoka kombo: kutafuta kosa kati ya maandishi na kidole

Msomaji wa nukta nundu (breli) anapokutana na neno lisiloeleweka kwenye kionyeshi chake, yaani kifaa kinachoinua pini ndogo ili zisomwe kwa kidole, jambo la kwanza analolishuku ni kifaa: pini imekwama, betri imepungua nguvu, waya umelegea. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi, hata hivyo, pini zimesimama sawasawa na zilivyoamriwa, na kosa limetokea kabla ya hapo, wakati kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini, kilipokuwa kikigeuza maandishi kuwa nukta.

Safari hiyo ina vituo kadhaa, na ni vizuri kuvikumbuka kabla ya kugusa mpangilio wowote. Kisoma skrini huchukua maandishi kutoka kwenye programu unayoitumia, huongeza maneno yake kuhusu vitu vilivyopo, kama vile kiungo au kitufe, kisha hukabidhi mfuatano huo wote kwa mtafsiri. Mtafsiri hufungua jedwali lililochaguliwa, hutumia kanuni zake, na kurudisha vitu viwili: safu ya seli, yaani visanduku vya nukta sita au nane, pamoja na ramani inayoonyesha kila herufi imeangukia seli ipi. Baada ya hapo ndipo kiendeshi cha kifaa huinua pini.

Katika visoma skrini vingi, vikiwemo NVDA na Orca, mtafsiri huyo ni Liblouis, maktaba ya programu huria ambayo John J. Boyer aliianzisha mwaka 2002 na ambayo ina jina la Louis Braille. Liblouis yenyewe haijui Kiswahili wala Kiingereza. Inachojua ni kanuni zilizoandikwa katika faili la jedwali, ambalo ni faili la maandishi ya kawaida: kanuni moja husema kwamba mfuatano fulani wa herufi ubadilishwe popote unapoonekana, nyingine husema ubadilishwe mwanzoni mwa neno tu, na nyingine husema ubadilishwe pale tu unapokuwa neno zima. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale tunayoyaita makosa ni majibu sahihi ya jedwali lisilohusika na maandishi yaliyo mbele yako.

Kwanza, ondoa shaka juu ya pini

Fungua mahali pa kuandikia, andika alfabeti kutoka a hadi z, kisha upitishe kidole. Ukikuta seli yenye kasoro, rudi mwanzo wa mstari na uongeze nafasi moja, ili kila herufi isogee seli moja kulia. Kasoro ikisogea pamoja na herufi, tatizo liko katika tafsiri au katika maandishi yenyewe. Ikibaki palepale huku herufi nyingine ikiingia na kukosa nukta ileile, pini ya seli hiyo ni chafu au mbovu, na mwongozo huu hauna zaidi la kukusaidia. Kama kuna mtu anayeona karibu nawe, NVDA pia ina dirisha linalochora kwenye skrini nukta zilezile zinazotumwa kwenye kifaa. Dirisha likiwa sahihi na kidole kikasema vinginevyo, lawama ni ya kifaa.

Neno la Kiswahili limejaa alama zisizo zake

Hili ndilo tatizo ninaloulizwa kuliko yote, na dalili zake ni za wazi. Neno "kuandika" linatoka likiwa na seli sita badala ya nane: k, u, kisha seli yenye nukta 1-2-3-4-6, halafu i, k, a. (Nukta za seli huhesabiwa 1-2-3 kushuka upande wa kushoto, 4-5-6 kushuka upande wa kulia, na 7 na 8 chini yake.) "Kofia" ina nukta 1-2-3-5-6 baada ya k. "Shingo" imebaki seli tatu tu, yaani 1-4-6, 3-4-6 na o. "Thelathini" inaanza na 2-3-4-6, na mwishoni kabisa kuna 1-4-5-6, 3-5 na i.

Sababu ni kwamba jedwali lililowashwa ni la Kiingereza cha daraja la pili, lenye vifupisho. Jedwali hilo limeona ndani ya "kuandika" mfuatano a-n-d, na kwa kanuni za Kiingereza mfuatano huo hupewa seli moja. Katika "kofia" limeona o-f. Katika "shingo" limeona s-h na i-n-g. Halikuuliza neno ni la lugha gani, kwa sababu halina njia ya kuuliza. Wengi hudhani kwamba kisoma skrini kikishatambua lugha ya ukurasa na kubadilisha sauti, basi nukta nazo zitabadilika. Usitegemee hivyo. Katika programu nyingi sauti na nukta nundu huongozwa na mipangilio miwili tofauti, na unaweza kabisa kusikia Kiswahili safi masikioni huku vidole vikipewa vifupisho vya Kiingereza.

Tiba ni kuingia katika mipangilio ya nukta nundu ya kisoma skrini na kubadilisha jedwali la kutoa. Liblouis ina majedwali ya Kiswahili, ambayo katika orodha ya NVDA yametajwa kuwa ya Kenya, ya daraja la kwanza na la pili. Anayetaka herufi moja kwa seli moja achague daraja la kwanza. Hata jedwali la Kiingereza la daraja la kwanza litamfaa kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi zilezile za kawaida zisizo na alama juu yake. Wapo pia wasomaji waliozoea Kiingereza chenye vifupisho kiasi kwamba hawasumbuliwi na "kofia" yenye seli nne, na hao sina sababu ya kuwageuza. Lakini anayejifunza kusoma asiachwe na jedwali hilo hata siku moja, maana atajifunza tahajia isiyokuwapo.

Tatizo hili lina ndugu yake kwa wanaosoma Kiingereza. Neno lenye "com" mwanzoni likianza kwa nukta 3-6, ambazo leo ni kistari, au mabano yote mawili yakitoka kwa nukta 2-3-5-6, jedwali lililochaguliwa ni la ule mfumo wa zamani wa Marekani. Nchi hiyo ilihamia mfumo mmoja wa Kiingereza unaotumiwa na nchi mbalimbali tarehe 4 Januari 2016, na vifupisho tisa vya zamani viliachwa, "com" ikiwa mojawapo. Majedwali ya mfumo wa zamani bado yamo katika orodha kwa ajili ya wanaoyahitaji, na majina yake yanafanana mno na ya mapya. Soma jina lote kabla ya kubonyeza.

Katikati ya neno kuna x na tarakimu

Msomaji anakuta ritifaa, mkwaju wa kinyume, herufi x, tarakimu au herufi nne, kisha ritifaa tena, kwa mfano '\x0301'. Huu si uharibifu. Hivyo ndivyo Liblouis inavyosema kwamba imepewa alama isiyokuwamo katika jedwali, na badala ya kuificha imekuandikia nambari yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya alama za maandishi ya kompyuta. Binafsi naiona tabia hii kuwa ya uungwana, ingawa inaudhi katikati ya sentensi: afadhali nambari isiyopendeza kuliko herufi iliyopotea kimyakimya.

Alama ngeni huingia kwa njia nyingi. Herufi yenye alama ya mkazo, kama é, inaweza kuandikwa kama alama moja kamili au kama e ya kawaida ikifuatwa na mkazo unaojitegemea. Anayeona haoni tofauti, lakini jedwali linalojua é kamili linaweza lisiujue mkazo uliokuja peke yake, na hapo ndipo '\x0301' inapozaliwa. Katika faili za PDF, f na i mara nyingine huunganishwa kuwa alama moja ya mchapaji, na neno "fikra" hukosa mwanzo. Kwenye mitandao ya kijamii, watu hupamba majina yao kwa herufi nene au za mviringo ambazo kwa kweli ni alama za hisabati, na jina zima hugeuka kuwa msururu wa nambari. Vikaragosi vya hisia navyo hufanya vivyo hivyo.

Ili kujua ni alama gani hasa, weka kishale juu yake na utumie amri ya kusoma herufi moja. Katika NVDA, ukibonyeza amri hiyo mara tatu upesi, utatajiwa nambari ya alama. Tangu mwaka 2024 programu hiyo pia ina mpangilio wa kusawazisha Unicode, ambao hurudisha herufi za mapambo, herufi zilizounganishwa na mikazo iliyotenganishwa katika umbo lake la kawaida kabla jedwali halijaulizwa. Uwashe upande wa nukta nundu, kwa kuwa wa sauti ni mwingine.

Kuna alama nyingine ambazo ni mbaya zaidi kwa sababu hazionekani wala hazisikiki: nafasi isiyo na upana, au kistari laini ambacho mwandishi amekiweka ili neno likatwe vizuri mwishoni mwa mstari. Dalili yake ni neno la kawaida ambalo vifupisho vyake vimevunjika ghafla, wakati neno hilohilo mstari wa juu limefupishwa vizuri. Lifute neno na uliandike upya. Likitoka sawa, kosa lilikuwa ndani ya maandishi.

Kwa Kiswahili, alama yenye vurugu zaidi ni ritifaa ya ng'. Ritifaa nyoofu ya kibodi hutoka kwa nukta 3, na wengi wetu tumeizoea hivyo. Lakini programu za kuandikia hupenda kuipinda, na iliyopinda ina sura mbili, ya kufungua na ya kufunga. Ya kufunga kwa kawaida huchukuliwa kuwa ritifaa, na neno linasomeka. Ya kufungua ikiingia kimakosa, jedwali la Kiingereza huichukulia kuwa mwanzo wa nukuu na kuweka seli mbili, nukta 6 kisha 2-3-6, katikati ya "ng'ombe". Wengine huandika `, ile alama iliyo kwenye kitufe cha pembeni cha kibodi, nayo ina nukta zake tofauti kabisa. Kubadilisha jedwali hakutaponya jambo hili. Tafuta na ubadilishe alama hizo zote katika waraka ziwe ritifaa nyoofu, kisha uzime mapindo ya kujiendesha katika programu ya kuandikia.

Tarakimu zimegeuka kuwa kitu kingine

Katika nukta nundu za kawaida, tarakimu 1 hadi 9 na 0 huazima sura za a hadi j, zikitanguliwa na alama ya tarakimu yenye nukta 3-4-5-6. Kama 2024 inasomeka "bjbd" bila alama hiyo, hakikisha kwanza kwamba kionyeshi hakijaanza baada yake. Kipande cha mstari kikisogezwa, alama ya tarakimu inaweza kubaki nyuma katika kipande kilichopita.

Kama tarakimu zimeshuka chini ndani ya seli, kiasi kwamba 2 inahisiwa kama nukta 2-3, jedwali ni la nukta nundu ya kompyuta ya Marekani, inayotoa seli moja kwa kila alama. Kama 1 inakuja na nukta 1-6, ambazo kwa msomaji wa vifupisho vya Kiingereza ni "ch", jedwali ni la kompyuta la nukta nane la aina inayotumika Ujerumani, ambako tarakimu 1 hadi 9 hujengwa kwa herufi iliyoongezwa nukta 6. Katika majedwali ya nukta nane herufi kubwa nayo huonyeshwa kwa nukta 7 chini yake badala ya alama inayotangulia. Hesabu ni rahisi: nukta sita zinatoa michanganyiko 64 tu, ikiwemo seli tupu, na ndiyo maana alama za kutanguliza zinahitajika, nukta nane zinatoa 256, na kila alama ya kawaida ya kompyuta inaweza kupata seli yake.

Ukikuta nukta 5-6 kati ya tarakimu na herufi, kama katika "4b", usitafute kosa. Bila alama hiyo, b ingesomeka kama 2 na darasa la 4b lingekuwa la 42.

Faili lote ni fujo, ingawa mengine yanasomeka vizuri

Unafungua faili la kitabu lenye kiambishi cha BRF, na kila mstari umejaa mikato, alama za asilimia na nyota mahali pasipostahili. Kilichotokea ni tafsiri juu ya tafsiri. Faili la BRF limekwisha kutafsiriwa. Ndani yake kila seli inawakilishwa na herufi moja ya kibodi, kwa mpango wa alama 64. Mkato humo unamaanisha nukta 6, alama ya asilimia inamaanisha 1-4-6, nyota inamaanisha 1-6, na alama ya "na" inamaanisha 1-2-3-4-6, kwa hiyo "kuandika" yenye kifupisho huhifadhiwa kama ku&ika. Kisoma skrini hakijui historia hiyo. Kinaona alama ya "na", kinaitafsiri kwa jedwali lako la kila siku, na kidole kinapewa seli nyingine kabisa.

Badilisha jedwali la kutoa liwe la nukta nundu ya kompyuta ya Marekani ya nukta sita, linalorudisha kila herufi kwenye seli yake ileile, na fujo itatoweka papo hapo. Ukimaliza kusoma, usisahau kulirudisha la awali. Wanaosahau ndio hurudi kesho yake wakilalamika kuhusu tarakimu zilizoshuka. Kama programu yako inaruhusu kuweka mipangilio tofauti kwa kila programu inayotumika, iwekee ile unayosomea vitabu mpangilio wake ili usibadilishe kila mara.

Neno linabadilika kishale kinapolifikia

Ukisogea ndani ya maandishi yenye vifupisho na kila neno unalolikanyaga likajikunjua na kuwa herufi kamili, ni mpangilio uliokusudiwa: neno lililo chini ya kishale huonyeshwa kwa nukta nundu ya kompyuta ili uweze kulihariri herufi kwa herufi. Unaposoma tu bila kuandika, uzime.

Ukiuzima, hata hivyo, utakutana na jambo lingine. Unabonyeza kitufe kilicho juu ya seli ili kupeleka kishale hapo, nacho kinatua herufi moja au mbili pembeni. Seli moja ya "and" imebeba herufi tatu, na ile ramani niliyoitaja mwanzoni haiwezi kujua kama uliitaka a, n au d. Kwa kawaida hukupeleka mwanzo wa kundi. Nukta 7 na 8 zinazojitokeza chini ya herufi nazo ni za kishale, au za maandishi uliyoyachagua. Ukitumia jedwali la nukta nane, nukta 7 ya kishale inaweza kuchanganywa na nukta 7 ya herufi kubwa, na hapo dawa ni kubadilisha umbo la kishale.

Unaandika kwa nukta, lakini hakuna kinachotokea

Jedwali la kuingiza ni tofauti na jedwali la kutoa, na watu wengi hurekebisha moja na kulisahau la pili. Anayesoma Kiswahili vizuri huku jedwali la kuingiza likiwa la Kiingereza chenye vifupisho ataandika b peke yake na kupata neno la Kiingereza "but".

Ukiingiza nukta nundu zenye vifupisho, NVDA haiwezi kutafsiri neno mpaka ijue limeishia wapi, kwa kuwa seli ileile humaanisha mambo tofauti mwanzoni, katikati na peke yake. Hivyo maandishi hutokea baada ya kubonyeza nafasi au kuingiza mstari mpya. Unapohitaji neno lijitokeze bila nafasi, kama katika neno la siri au kabla ya kubonyeza njia ya mkato, bonyeza nukta 7 na 8 kwa pamoja. Nukta 7 peke yake hufuta seli ya mwisho. Nukta 8 peke yake hutafsiri na kuingiza mstari mpya, jambo ambalo limewahi kunitumia barua nusu.

Mambo madogo

Vipande kama lnk, btn au h2 kati ya maneno ni maelezo ya kisoma skrini kuhusu viungo, vitufe na vichwa, na vinatafsiriwa kwa jedwali lilelile la maandishi. Mstari usiosogea unaposogea wewe kwa kawaida umefungwa kwenye kishale kingine. Katika NVDA, Control pamoja na T na kitufe cha NVDA hubadilisha kishale kinachofuatwa. Kionyeshi kikiwa kitupu kabisa, angalia kama kuna kisoma skrini kingine kilichokishika, kwa kuwa kwa kawaida kifaa hukubali programu moja kwa wakati mmoja.

Jedwali lenyewe linapokosea

Hutokea, hasa kwa lugha ambazo majedwali yake yana watunzaji wachache. Kabla ya kutoa taarifa, lipunguze tatizo mpaka libaki neno moja, uliandike wewe mwenyewe katika faili tupu ili kuondoa alama zilizofichika, na ujaribu tena. Miradi ya Liblouis huendeshwa hadharani, na majedwali hupimwa kwa orodha za maneno yaliyoandikwa pamoja na jibu linalotarajiwa, kwa hiyo taarifa inayofanyiwa kazi haraka ni ile inayofanana na kipimo: jina kamili la jedwali, toleo la kisoma skrini, neno lenyewe, seli ulizozipata kwa nambari za nukta, seli ulizozitarajia, na kanuni ya tahajia ya nukta nundu ya lugha hiyo inayokuunga mkono.